Kuku kwa Mbwa: Maelezo ya Kihistoria juu ya Thamani na Tiba ya Mbwa katika Kongo ya Mashariki

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, huenda likaonekana halistahili kurasa za jarida la Kiswahili: mtu atoe fedha kiasi gani kumtibu mnyama anayeishi naye nyumbani, ambaye haliwi wala hauzwi? Swali hili hatukulitoa vitabuni. Tumelipata Musienene, katika nyanda za juu za Lubero, kusini ya mji wa Butembo, mahali alipozaliwa mwandishi na ambapo jamaa zake wangali wakilima viazi, maharagwe na kabichi. Tutaanza na tukio lenyewe, kisha tutayatazama maneno, na baadaye tutamfuata mbwa wa nchi hii hadi mahali ambapo pengine msomaji hatarajii kumkuta.

Nyumbani kwa baba yangu mkubwa palikuwa na mbwa aliyeitwa Watasema. Desturi ya kumpa mbwa jina lenye ujumbe kwa majirani inajulikana katika sehemu nyingi za Afrika, na mwanaisimu angeweza kuiandikia makala mbali. Hapa yatosha kusema kwamba majirani walilielewa. Mbwa huyo alipatikana kwa kuku mmoja. Alilinda shamba, alifukuza panya waliochimbua viazi, na usiku alilala mlangoni mwa watoto. Siku moja wanafunzi wa udaktari wa mifugo walipita kijijini na sanduku lenye barafu, wakichanja mbwa dhidi ya kichaa. Malipo waliyoomba yalikaribia bei ya kuku. Baba mkubwa aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawajibu kwa Kiswahili chetu cha Kivu: "Wana wangu, hii imbwa nililipia kuku moja. Leo munaomba kuku ingine juu ya sindano. Na mwaka kesho mutarudi tena. Mwisho si imbwa ndiyo itakuwa imeninunua mimi?" Watu wakacheka. Nami niliyekuja likizo, na lisansi yangu ya isimu, nikacheka pamoja nao. Wanafunzi wakafunga sanduku lao wakaenda zao.

Miezi kadhaa baadaye Watasema alirudi kutoka upande wa soko huku sikio limechanika. Alikuwa amepigana na mbwa asiyejulikana. Jeraha likapona. Zikapita wiki tano hivi, na mbwa aliyekuwa mpole akaanza kujificha chini ya ghala, akitokwa na ute, sauti imembadilika, aking'ata vijiti na mawe. Asubuhi ya tatu alimuuma mkononi mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka saba, aliyekuwa amempelekea chakula. Vijana wakamwua mbwa kwa fimbo na kumzika jioni ile ile. Hakuna aliyefikiri kwamba kichwa chake kingeweza kupimwa. Kituo cha kwanza cha afya tulichofika hakikuwa na chanjo. Cha pili kilikuwa na dozi moja, na zilizobaki tukaambiwa tuzingoje. Mbuzi wawili waliuzwa, na fedha za shule za dada yake mtoto huyo zikaingia humo humo. Yule msichana alikaa nyumbani muhula mzima. Mtoto yu hai, sasa anasoma sekondari. Iwapo mbwa alikuwa na kichaa kweli, hatutajua kamwe.

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kuwahubiria wanakijiji. Lakini hesabu ya baba mkubwa haikuwa ya kijinga, na kumcheka leo kungekuwa kosa kubwa kuliko kucheka pamoja naye siku ile. Alitumia kanuni ambayo mfugaji yeyote wa Lubero anaifuata, na ambayo humfaa karibu kila siku ya maisha yake: usilipe tiba inayozidi bei ya kitu kinachotibiwa. Kobayi wa watoto akiugua, huchinjwa mapema au hutupwa na mwingine akachukua nafasi yake. Mbuzi akivunjika mguu, ni kitoweo. Ng'ombe wa maziwa akishikwa na homa ya kupe, hapo mfuko hufunguliwa, kwa sababu ng'ombe ana bei na maziwa yake yana bei. Kanuni hii ina mantiki. Tatizo ni kwamba mbwa hakai vizuri ndani yake, na jambo ambalo makala haya yanataka kulionyesha ni kwamba kutokaa kwake huko kuna historia.

Tuanze na lugha. Kiswahili cha mapokeo hakina neno moja mahsusi la mnyama anayewekwa kwa mapenzi matupu. "Mnyama kipenzi" ni uundaji wa karibuni, na huku Butembo sijalisikia sokoni wala kanisani. Tunacho kitenzi kufuga. Hufugwa ng'ombe, hufugwa kuku na nyuki. Hufugwa vilevile nywele na ndevu. Na mtu anayeiacha homa ikae mwilini bila kuitafutia dawa huambiwa kwamba anafuga maradhi. Kwa hiyo kitenzi hiki kinabeba mambo mawili yanayovutana: kulea kitu kwa uangalizi, na kukiachia kikue chenyewe. Watasema alifugwa kwa maana zote mbili.

Aidha, katika Kiswahili cha Kivu, neno nyama hutumika kwa kiumbe na kwa kitoweo, ilhali usemi wa mwambao hutenga mnyama na nyama kwa kiambishi. Daktari wa mifugo kwetu ni munganga wa nyama. Mgeni kutoka Dar es Salaam akilisikia jina hilo anaweza kudhani kwamba bwana huyo ni mkaguzi wa bucha, na kihistoria hatakuwa amekosea sana.

Maana utabibu wa wanyama uliingia katika eneo hili kwa ajili ya nyama na maziwa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe kutoka Pembe ya Afrika hadi Afrika ya Kusini, na serikali za kikoloni zilizokuwa zinajengwa wakati huo zikajifunza kwamba ugonjwa wa ng'ombe unaweza kuangusha nchi nzima. Tangu hapo fedha za utabibu zilifuata pembe. Huku kwetu, Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, iligawa ardhi kwa walowezi, na nyanda za juu za Lubero, kwa baridi yake na majani yake, zikaonekana zinafaa kwa mifugo. Migodi na mashamba makubwa yalihitaji nyama ya kulisha wafanyakazi. Mganga wa nyama alihesabu ng'ombe, akaogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe, akachanja ng'ombe, na gharama yake ilipimwa kwa thamani ya zizi. Mbwa wa mwenyeji hakutoa maziwa, hakulisha mgodi. Hesabu hiyo haikumhusu.

Hatutakaa sana katika yaliyofuata, kwa kuwa yanajulikana. Hatua za tarehe 30 Novemba 1973, zilizowanyang'anya wageni mashamba na biashara na kuwagawia raia wa Zaire, ziliacha mashamba mengi bila uangalizi. Na vita vilivyoanza mwaka 1996 vikamaliza mazizi yaliyosalia, maana ng'ombe ni mali inayotembea na askari mwenye njaa huiona toka mbali. Kwa upande mwingine, mwaka 1989 kilianzishwa Butembo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, ambacho kina kitivo cha udaktari wa mifugo. Kwa umbali wa barabara, basi, mganga wa nyama yuko karibu na Musienene kuliko babu zetu walivyoweza kuota. Kilichobaki mbali ni ile fikra kwamba mbwa naye ni mgonjwa wake.

Hata hivyo yupo mbwa mmoja wa Kongo aliyepata waganga wengi kupita kiasi, na kisa chake kinatufaa kwa sababu jina lake ni letu. Kaskazini ya Beni, katika msitu wa Ituri na kuendelea hadi nchi ya Wazande na kusini ya Sudan, kuna mbwa mdogo wa kuwindia, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni. Habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti inayokaribia wimbo. Kwa kuwa hapigi kelele mawindoni, wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue alipo. Wazungu wamemwita basenji, na ndivyo anavyojulikana duniani hadi leo.

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili ataliona shina mara moja. Mwambaoni katika karne ya 19, mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye wa mji, asiye na dini wala kanzu. Neno hili lilisafiri na misafara ya pembe na watumwa hadi Manyema na zaidi, likaingia Lingala na lugha za jirani, likabadilika sauti kidogo, nalo likawa basenji: watu wa vijijini, watu wa porini. Mbwa wa basenji, basi, ni mbwa wa wale watu wa huko. Aliyekuwa wa huko alipoulizwa jina la mbwa wake hakujibu hivyo, bila shaka. Aliyejibu ni mtu aliyesimama kando na kuwanyooshea kidole wote wawili, mbwa na mwenyewe.

Mwaka 1895 mbwa wawili wa aina hii walionyeshwa Crufts, maonyesho makuu ya mbwa ya Uingereza. Hawakukaa sana; walikufa kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, matumbo na ubongo wa mbwa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alileta sita kutoka Sudan. Hao nao walikufa wote, safari hii kutokana na sindano za kuwakinga na distempa, ambazo wakati huo zilikuwa bado za majaribio. Ndipo mwaka 1937 Olivia Burn alipowaonyesha Crufts basenji aliowatoa Kongo, na watu wakasongamana kuwatazama.

Katikati ya tarehe hizo pana jambo ambalo msomaji anayeona kwamba fedha za mbwa ni fedha za kupoteza anapaswa kulijua. Mfaransa Henri Carré alikuwa ameonyesha mwaka 1905 kwamba distempa husababishwa na kijidudu kipitacho katika chujio, yaani virusi. Katika miaka ya 1920 wasomaji wa The Field, gazeti la Kiingereza la wawindaji na wapenda mbwa, walichanga fedha ili chanjo itafutwe. Watafiti Patrick Laidlaw na G. W. Dunkin walifanya kazi hiyo kwa kutumia mnyama mdogo jamii ya cheche aitwaye fereti, ambaye hushikwa na distempa kwa urahisi. Chanjo ikapatikana. Fereti hao hao ndio waliotumika mwaka 1933, Laidlaw akiwa mmoja wa watafiti, kuthibitisha kwamba mafua makali ya binadamu, influenza, ni ugonjwa wa virusi. Waliochanga walidhani wanawanunulia mbwa wao uhai. Hawakujua kwamba wanalipia pia mlango wa kuingilia katika tiba ya watu.

Turudi kwenye jina. Mwaka 1944 klabu ya mbwa ya Marekani, American Kennel Club, iliandikisha basenji wa kwanza katika daftari lake. Kuanzia hapo kila mbwa halali wa aina hiyo alikuwa na cheti, jina la baba, la mama, na la babu. Miaka minne baadaye, mwaka 1948, serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilianzisha kadi ya sifa ya uraia kwa Waafrika waliohesabiwa kuwa wameendelea, na mwaka 1952 ikaongeza utaratibu wa uandikishaji, uliowataka waombaji wathibitishe kwamba wameachana na maisha ya kale. Waliopata vyeti hivyo walikuwa wachache mno. Wengine wote waliendelea kuitwa basenji katika nchi yao wenyewe, wakati mbwa mwenye jina lao amekwisha kupata hati zake ng'ambo. Simwandikii mbwa lawama. Nasema tu kwamba anayehesabiwa ndiye anayetibiwa, na daftari hutangulia dawa.

Lakini daftari lenyewe likaleta maradhi. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache sana, nao walizalishana wao kwa wao. Ukatokea upungufu wa damu wa kurithi. Katika miaka ya 1970 wafugaji wakawapima mbwa wao na kuwaondoa katika uzazi wote waliobeba kasoro hiyo. Walifanikiwa, lakini kwa kuwaondoa hao waliupunguza ukoo uliokuwa tayari mwembamba, na ugonjwa mwingine ukapata nafasi ya kuenea: ugonjwa wa Fanconi. Katika ugonjwa huu figo hushindwa kuyarudisha mwilini yale ambayo mwili unayahitaji, sukari, madini na viini vya protini, yakapotea katika mkojo. Mbwa hunywa maji mengi, hukojoa sana, hukonda, na asipotibiwa hufa. Mara nyingi huanza katika umri wa kati, wakati mbwa amekwisha kuzaa na kurithisha.

Hapo ndipo Wamarekani walipokumbuka Kongo. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji kutoka Marekani walisafiri hadi kaskazini-mashariki ya Zaire kutafuta damu mpya. Walinunua mbwa vijijini, na mwaka 1990 daftari lililokuwa limefungwa likafunguliwa ili wageni hao waandikwe. Nakiri kwamba kila ninapokifikiria kisa hiki najiuliza mbwa hao walinunuliwa kwa kuku wangapi. Mwenye mbwa kijijini bila shaka alipokea bei na kuona amepata faida. Aliyenunua alikuwa akitafuta kitu kisicho na bei, yaani afya ambayo fedha za nyumbani kwake zilikuwa zimeshindwa kuitengeneza.

Leo mwenye basenji huko Marekani hushauriwa kupima sukari katika mkojo wa mbwa wake kila mwezi kwa kikaratasi, jambo lisilogharimu sana. Ugonjwa ukigunduliwa mapema kuna utaratibu wa tiba, uliotungwa na Steve Gonto, wa vidonge vya bikabonati, vitamini na madini, pamoja na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Mbwa wanaoufuata wengi wao huishi karibu na umri wa kawaida. Tangu mwaka 2007 kimekuwapo kipimo cha jeni kinachoonyesha uwezekano wa ugonjwa, na mwaka 2011 kikapatikana kinachoonyesha kasoro yenyewe. Gharama inakuwa ya maisha yote ya mbwa. Wapo wanaolipa, wapo wanaouliza "mpaka lini?", wapo wanaoomba mbwa alazwe usingizi wa mwisho. Ipo pia bima ya wanyama; kampuni iliyoianzisha Marekani mwaka 1982 ilitoa hati yake ya kwanza kwa mbwa mwigizaji wa televisheni, Lassie, ambaye kwa hakika alikuwa na mshahara kuliko wengi wetu. Sisemi hayo kwa dhihaka. Mtu anayeamka usiku kumpa mbwa wake vidonge anafanya jambo ambalo baba mkubwa angelielewa, maana naye aliwahi kukesha na mbuzi aliyekuwa akizaa. Tofauti yao si moyo. Mmoja ana kanuni inayoanza na bei ya mnyama, mwingine anayo inayoanza na uwezo wa mfuko wake mwenyewe. Na zote mbili, nikizitazama kutoka Musienene, zinafanana katika kosa moja: zinadhani kwamba jambo ni la mtu na mbwa wake tu.

Kichaa cha mbwa kinaipinga dhana hiyo. Tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alianza kumtibu kwa chanjo Joseph Meister, mtoto aliyeumwa na mbwa huko Alsace, naye akapona. Tangu siku hiyo dawa ipo. Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu 59,000 hivi kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na kwamba wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo lipo la kufanya: kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na kupata chanjo mapema, dozi kadhaa kwa siku zilizopangwa. Shirika hilo hilo linakadiria gharama ya tiba hiyo kwa aliyeumwa kuwa wastani wa dola 108. Kwa familia inayoishi kwa dola moja au mbili kwa siku, hiyo ni mavuno ya msimu. Ni mbuzi. Ni muhula wa msichana.

Sasa tuitazame tena sindano ya mbwa. Mbwa aliyechanjwa haambukizwi, na asiyeambukizwa haambukizi. Kuku mmoja aliyeombwa na wale wanafunzi hakuwa bei ya kumtibu Watasema. Ilikuwa sehemu ya gharama ya kumlinda mtoto, iliyolipwa kupitia mwilini mwa mbwa kwa sababu njia hiyo ni ya rahisi zaidi. Baba mkubwa aliulizwa swali la mtoto, lakini aliulizwa kwa maneno ya mbwa, naye akajibu kwa kanuni ya mbwa. Kama wanafunzi wangesema, "Mzee, huyu analala mlangoni mwa nani?", sijui angejibu nini, ila najua tusingecheka.

Kuna mahali katika ulimwengu wetu wa Kiswahili ambapo swali liliulizwa kwa njia nyingine. Kisiwa cha Pemba ni cha Waislamu, na katika madhehebu ya Shafii ute wa mbwa ni najisi. Ungedhani kwamba huko ndiko fedha za mbwa zingekuwa ngumu kupita zote. Lakini tangu mwaka 2010 mbwa wa Pemba walichanjwa kwa kampeni. Kufikia mwaka 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka. Chanjo ilipolegea, ugonjwa uliingia tena mwaka 2016, watu wakaumwa, kampeni ikarudiwa, na mwaka 2018 ukatoweka kwa mara ya pili. Haikuhitajika mtu ampende mbwa, wala mbwa awe na bei. Ilihitajika mbwa wa kutosha wafikiwe kwa pamoja, kiasi cha saba katika kila kumi kama wanavyopendekeza wataalamu, na hilo halipatikani kwa kumngoja kila mwenye mbwa apige hesabu zake peke yake uani.

Kwetu mambo ni magumu zaidi. Kisiwa kina bahari pande zote. Lubero ina barabara, na barabara ina vita. Tangu mauaji ya raia yaliyoanza Beni mwezi Oktoba 2014, vijiji vizima vimehama, vikarudi, vikahama tena, na mtu anayekimbia na mtoto mgongoni na godoro kichwani hamfungi mbwa kamba. Mbwa aliyeachwa hana wa kuulizwa kuku. Hata hivyo tumekwisha kuona kwamba fedha zikitakiwa hupatikana: wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, Musienene yenyewe iliona magari, mahema na chanjo ya bure, na watu wa Butembo waliuliza kwa uchungu kwa nini ugonjwa mmoja una mfuko mkubwa hivyo na mengine yanayowaua kila siku hayana. Swali lao lilichukuliwa na wengi kuwa ukaidi. Mimi nililisikia kama swali la daftari: nani ameandikwa, na kwa ugonjwa gani.

Baba mkubwa sasa ana mbwa mwingine. Alimpata kwa kuku, kama kawaida, na safari hii alimleta mwenyewe kuchanjwa Butembo, juu ya pikipiki, ndani ya kikapu cha kabichi. Nauli ilizidi sindano. Tuliporudi jioni alikaa kimya kwa muda, akiwatazama mbwa wa majirani wakipita njiani kuelekea sokoni, kisha akaniuliza: "Mwalimu, yetu sasa iko na cheti. Na hizi zote, nani atazilipia?" Nilianza kumweleza habari za Pemba. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema Pemba kuna serikali, akaingia ndani kutafuta kamba.